Kibao cha gato kinachoinama: tununue au tuache?



Mtu wa machimbo anajua namna ya kununua chombo. Shimo likiwa kavu, hakuna anayezungumza habari ya pompa, hata kama ameiona inang'aa dukani. Lakini siku maji yanapojaa chini na vijana wanakaa juu mikono mitupu, hapo watu wanachanga feza, na pompa inatafutwa hata mbali. Hawanunui uzuri wake. Wananunua ile kazi iliyosimama. Ninaanza na pompa kwa sababu nataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo cha jikoni, na wengine wenu mngeweza kucheka kabla sijamaliza.

Hapa Baraka kuko kikundi cha wamama watano wanaotengeneza gato za ndoa, za ubatizo na za sherehe za shule. Sisi tuliokulia upande huu tunasema gato. Wale waliokimbilia Tanzania mwaka 1996, wakaishi kambini Lugufu au Nyarugusu, na kurudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005, wao wanasema keki. Katika kikundi kile majina yote mawili yanatumika kwenye sufuria moja. Bibi yangu ni mmoja wao.

Wamama hao wana sanduku lao la akiba, MUSO, kama vikundi vingi vya Kivu. Feza ikitoka kwa ajili ya chombo, wanataka shahidi, na shahidi ni mimi. Siku moja waliniletea maombi mawili pamoja. Wawili walitaka tanuru ya pili. Wawili walitaka kibao cha kuzunguka kinachoinama. Wa tano alinyamaza. Feza ilitosha kitu kimoja tu.

Mmoja wa wale wa tanuru, mama kijana mwenye maneno ya wazi, alisema: "Pasta, hiyo kitu iko ya watu wenye kuchezea krimu. Tukipata tanuru ingine, tutachoma gato mbili pamoja. Hiyo kibao itachoma nini?"

Ni swali zuri. Kwa kuwa bibi yangu alikuwa upande wa kibao, sikutaka kusema upesi. Niliwaomba majuma matatu ya kuangalia kazi kwanza, ndipo tuzungumze bei.

Kitu chenyewe ni nini?

Chukueni sahani pana, bapa, iliyowekwa juu ya mguu mfupi. Sahani inazunguka, mguu unakaa. Gato inawekwa katikati. Mkono mmoja unazungusha, mkono mwingine unashika kisu butu cha kupakia krimu au mfuko wa kuikamulia wenye mdomo wa chuma. Basi mpambaji hahitaji kuizunguka meza. Gato ndiyo inayomzungukia. Wazo hilo si geni kwetu. Wafinyanzi wengi wa Afrika waliweka chungu kibichi juu ya kigae na kukigeuza polepole kwa mkono.

Kibao kinachoinama kina jambo moja zaidi: kati ya sahani na mguu kuko kiungo, kama cha kiwiko. Unafungua kifungo, unalaza sahani upande, unafunga tena. Sahani inaendelea kuzunguka hata ikiwa imelala. Ukiilaza gato ielekee mbali nawe, ubavu wake ulio mbele yako unatazama juu, na unaona unachofanya. Ukiilaza ije kwako, unaandika jina juu yake kama unavyoandika kwenye ubao wa shule.

Viko vya plastiki, vyepesi na vya bei ndogo. Viko vya alumini. Viko vyenye mguu wa chuma kizito, ambavyo havitikisiki lakini ni mzigo kwenye pikipiki. Hayo ndiyo yote. Hakioki, hakichanganyi, hakipozi.

Ndoani watu wanaona nini?

Jambo la kwanza nililiona nikiwa mahali pangu pa kazi. Katika ndoa mimi ninakaa mbele, karibu na maarusi, na mara nyingi ninaombwa kuomba kabla gato haijakatwa. Mimi nimesimama, basi ninaona juu ya gato. Lakini watu wote wengine, wazazi, wanakwaya, watoto waliojipenyeza mlangoni, wamekaa chini, na gato iko juu ya meza iliyopandishwa kwa masanduku na kitambaa cheupe. Wao wanaona mbavu. Hata picha inapigwa kutoka chini na mbele.

Hivyo kazi inayosifiwa, ile inayoleta mteja wa kesho, iko ubavuni. Ni zile shanga za krimu chini kabisa, ile mistari inayoning'inia kama pazia, yale maua madogo. Na ubavu ndio mahali pagumu, kwa sababu mkono unapaswa kukamua kwa upande huku shingo imekunjwa. Kibao kinachoinama kiliwekewa kile kiungo kwa kazi hiyo hasa.

Lakini hesabuni pia. Wamama walipoangalia daftari lao, waliona kwamba si kila gato ina kazi ya ubavuni. Za ubatizo na za shule nyingi zinapakwa krimu laini, zinaandikwa jina, basi. Na kupaka krimu laini kunataka sahani iliyo sawasawa kabisa. Ukiinamisha wakati huo, unaharibu. Kwa gato za namna hiyo, kibao cha kawaida kinachozunguka tu kinatosha.

Joto na barabara

Jambo la pili ni joto. Ziwa Tanganyika liko kwenye urefu wa mita 770 na kitu juu ya bahari, na Baraka iko pale pale pembeni. Jua la saa nane si mchezo. Siagi ya maziwa inaanza kuyeyuka kwenye digri 32 mpaka 35, na chumba chenye bati na tanuru ya makala kinafika huko bila taabu. Fizi-centre, kule juu mlimani, kuko nafuu. Sasa, krimu iliyolegea juu ya gato iliyonyooka inashuka polepole. Krimu iliyolegea juu ya gato iliyolala inateleza yote pamoja. Mwenye kununua kibao kinachoinama akidhani kitamwokoa na joto, atalia mara mbili. Dawa ya joto ni kupamba usiku au alfajiri, kuweka kivuli, na kwa maua ya mbali kutumia ile krimu ya ute wa yai na sukari ya unga, ambayo ikikauka inakuwa ngumu kama chokaa na haiogopi jua.

Jambo la tatu ni barabara. Gato nyingi za bei nzuri haziliwi Baraka. Zinaombwa kule dhahabu inakouzwa, Lulimba na Misisi, juu ya ile barabara ya taifa namba 5 ambayo ninyi mnaijua kuliko mimi. Gato iliyopambwa haifiki salama nyuma ya pikipiki. Wamama wanabeba vipande vikavu, kila kimoja ndani ya boksi lake, wanapamba kule kule usiku wa kuamkia ndoa. Kwa hiyo chombo chochote tunachonunua lazima kisafiri. Kile cha mguu wa chuma kizito, hata kama ni kizuri namna gani, tulikitoa katika mazungumzo siku ile ile.

Rulema na kabari

Kabla ya kutoa hata dola moja, tulitaka kuonja kazi yenyewe. Fundi mbao alitutengenezea kibao. Alichukua rulema ya gurudumu la pikipiki, ile pete yenye gololi za chuma ndani, akaifungia kati ya mbao mbili. Ubao wa juu ukazunguka. Haukuwa laini kama wa dukani, ulikuwa na mchezo kidogo pembeni, lakini ulizunguka.

Halafu kuinama. Hapo tulitumia kabari, yaani kipande cha ubao kilichochongwa na kuingizwa chini ya upande mmoja. Vijana wa shule, chukueni kalamu. Ubao wa chini ukiwa na sentimita 30, na kabari ikiunyanyua kwa sentimita 5, mnapata mwinamo wa digri karibu 10. Kabari ya sentimita 10 inatoa karibu 20. Kwa kazi ya ubavuni unaweka kabari upande wako. Kwa kuandika juu unaiweka upande wa mbali.

Hatukuharibu gato yoyote. Wamama waligeuza sufuria juu chini, wakaiweka kwenye kibao, wakakamua krimu ubavuni mwake kana kwamba ni gato, wakaikwangua, wakairudisha mfukoni, wakakamua tena. Msichana anayejifunza anaweza kufanya mazoezi hivyo jioni nzima kwa krimu ya bakuli moja.

Tuliyoona ni haya. Kwa digri 10 kazi ya ubavuni ilikuwa safi zaidi kwa wote watano. Kwa digri 20 sufuria ilianza kuteleza mpaka tulipoweka chini yake kipande cha mpira wa ndani ya gurudumu. Na hata na mpira, gato ya ghorofa mbili haiinamishwi. Unapamba kila ghorofa peke yake, ndipo unapandanisha. Wale wamama vijana wawili walisema: "Basi tumemaliza. Kabari inatosha. Twende kwenye tanuru."

Kwa mikono yao walisema kweli. Lakini kuna mmoja ambaye alikuwa bado hajasema.

Mgongo unaokataa

Yule mama wa tano ndiye mkubwa wao kwa umri, na ndiye mwenye mkono mzuri kupita wote. Alijifunza kupamba kambini, kwa mama mwingine mkimbizi. Aliporudi nyumbani hakukuwa na mteja wa keki, basi alikwenda kwenye machimbo kutwanga mawe. Ninyi wa machimbo mnajua kazi ile: mama amekaa chini, jiwe mbele, chuma mkononi, kutoka asubuhi mpaka jua linazama, ili jiwe liwe unga na wengine watafute dhahabu ndani yake. Alifanya hivyo miaka. Alipata ada ya watoto. Alipata pia mgongo ule.

Siku ya majaribio alipamba dakika chache, akanyoosha kiuno, akashika ukuta. Bibi yangu akamwambia aseme mbele yetu. Akasema taratibu: "Mimi sikatai kazi. Mugongo ndio inakataa. Gato ya ndoa ni saa tatu ya kuinama. Ndoa mbili zikifuatana, mimi siku ya tatu silali, siketi. Niliona niwaachie tu ninyi vijana."

Tulikuwa tumekaa juma la tatu tukipima gato. Mwinamo wa gato, joto la gato, safari ya gato. Sasa tukaanza kupima mtu.

Kwanza tulijaribu njia isiyo na gharama: kupandisha kibao juu ya sanduku ili asiiname. Mgongo ulinyooka, lakini mikono ikawa juu, na bega lake la kutwangia likaanza kuuma baada ya muda mfupi. Halafu tukamkalisha kwenye kiti kifupi, kibao kwenye meza ya kawaida, kabari ya sentimita 10 upande wake. Sasa ubavu wa gato ulimtazama usoni, kiwiko kilipumzika mezani. Alipamba sufuria nzima bila kusimama.

Je, basi kabari haikutosha hata kwake? Karibu itoshe. Tatizo lilikuwa kubadilisha. Katika gato moja unanyoosha, unainamisha, unaigeuza mara nyingi. Kila mara kabari inataka mtu anyanyue ubao wenye gato kwa mkono mmoja na kusukuma kabari kwa mwingine. Kijana anafanya bila kufikiri. Yeye hawezi, na kumwekea msichana wa kusimama karibu saa tatu ni mshahara mwingine. Kifungo cha kile kibao cha dukani kinafunguliwa kwa vidole viwili.

Hapo niliona pompa yetu. Kwa wale wanne, shimo lilikuwa kavu. Kwa yule mmoja, maji yalikuwa yamefika shingoni. Na akitoka yeye, kikundi kinabaki na tanuru mbili na hakina mkono wa kupamba mbavu. Tena yeye mwenyewe angerudi wapi? Kwenye mawe?

Namna tulivyohesabu

Mtu wa mnara katika Injili ya Luka hakulaumiwa kwa kutaka mnara. Jambo lilikuwa kukaa na kuhesabu. Nasi tulikaa. Tuseme kibao cha alumini chenye kifungo, pamoja na nauli ya boti kutoka Kigoma, kinafika kwa dola 45. Wamama walikubaliana kwamba gato yoyote yenye kazi ya ubavuni mteja ataongeza dola 3, na dola hizo 3 hazigawiwi, zinarudi sandukuni mpaka deni liishe. Ni gato 15. Zikija mbili kwa mwezi, ni karibu miezi minane. Zikija nne, kama wakati wa ndoa nyingi, haifiki miezi minne. Kikundi kikiona hakipati hata moja kwa mwezi, basi kibao kile ni pambo, na kisinunuliwe.

Wale wa tanuru walikuwa na neno lao, na lilikuwa la haki: feza ni ya wote, faida isiwe ya mmoja. Kwa hiyo mambo mawili yaliandikwa katika daftari na wote watano wakatia sahihi. La kwanza, kibao ni cha kikundi na si cha mtu, na yule mama atawafundisha vijana kazi ya ubavuni, kila mmoja, mpaka aweze. La pili, zamu inayofuata ya sanduku ni tanuru, bila kurudia mabishano. Mama kijana aliyeniuliza kibao kitachoma nini ndiye aliyedai hilo la pili liandikwe kwa herufi kubwa. Nilishuhudia.

Mkikipokea, mpime kabla ya kulipa

Kibao cha kwanza kilicholetwa kilikuwa kinang'aa vizuri, lakini kifungo chake kilikuwa kibovu. Wamama hawakukichukua, na mfanyabiashara alileta kingine katika safari iliyofuata ya boti. Ili msipoteze feza, fanyeni kama walivyofanya wao.

Kwanza, kizungusheni kikiwa kitupu. Kisikwaruze wala kusimama ghafula.

Pili, kipimeni kwa nivo ya fundi wa nyumba kikiwa kimenyooka. Kama hakikai sawasawa, krimu haitakaa sawasawa.

Tatu, na hili ni kubwa: kiinamisheni, kifungeni, wekeni juu yake mfuko wa sukari wa kilo 3 au zaidi, mkizungushe taratibu. Kifungo kikilegea kwa sukari, kitalegea kwa gato ya ndoa. Hapo ndipo kile cha kwanza kilipoanguka mtihani.

Nne, angalieni mguu. Uwe mpana, na wenye mpira chini.

Tano, angalieni kama kinafunguka vipande kwa kuosha na kwa kusafiri. Krimu ikiingia kwenye gololi na kukauka, kibao kimekufa.

Sasa kinafanya kazi. Sitawadanganya kwamba kimeponya mgongo. Yule mama bado ana siku zake mbaya, na gato ya ndoa bado inamchukua karibu saa zile zile. Ila anapamba akiwa amekaa, na siku ya tatu analala. Vijana, mara nyingi, bado wanatumia kile cha rulema na kabari, kwa sababu kwa mgongo wa miaka ishirini hakuna tofauti kubwa.

Kwa hiyo nikiulizwa na kikundi kingine, cha Fizi au cha Misisi, nitajibu hivi. Kama bado hamna kibao chochote cha kuzunguka, anzeni na hicho, hata cha fundi mbao. Faida ya kuzunguka ni ya kila gato. Kuinama kunafaidi gato za mbavu tu, na kabari inaweza kuwafikisha mbali. Lakini kabla ya kusema hapana, mwangalieni anayepamba wakati anapomaliza kazi. Tazameni anavyonyoosha kiuno, na anashika nini ili asimame. Pengine jibu la hesabu yenu liko hapo, na yeye mwenyewe ananyamaza.